Mrejesho: Kitabu cha mikorosho kilichogoma kufunguka

Wadau, salamu kutoka Mtwara. Mwezi uliopita niliwauliza kuhusu kitabu cha kielektroniki cha magonjwa ya mikorosho. Nilikinunua kwa pesa yangu, kikagoma kufunguka kwenye simu mpya baada ya ile ya zamani kudumbukia majini pale kivukoni Msangamkuu.

Aliyesema tatizo ni kufuli la kidijitali alipatia. Faili ninalo kwenye memori kadi, ila ufunguo wake umefungwa kwenye akaunti na simu iliyosajiliwa. Nikigusa jalada, kiduara kinazunguka weee, kisha yanatokea maneno: "Huna ruhusa." Sina ruhusa ya kitabu nilichokilipia! Niliwaandikia wauzaji mara tatu. Mara ya tatu ndipo wakaiondoa simu ya zamani, kitabu kikafunguka. Siku 19 zilikuwa zimepita, na ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, hausubiri barua pepe.

Kilichoniuma zaidi ni masharti yao: nilichonunua ni leseni ya kusoma, si kitabu. Kumbe hata Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu mwaka 2019, wasomaji walirudishiwa fedha lakini vitabu vikaacha kufunguka. Cha karatasi ningempa baba mdogo kule Newala akasome, naye anakihitaji kweli. Hiki siwezi hata kumwazima.

Sasa kabla ya kulipa nauliza kwanza kama faili ni EPUB (aina ya faili la vitabu vya kielektroniki) isiyo na kufuli. Kaka uliyenishauri hivyo, ahsante sana.