Jitu limewasha taa picha haijaisha, eti linapima sakafu!!!

Balkoni_Nyuma: Wakuu, leo hata salamu sitoi. Ukumbi wetu wa sinema umefungwa jana usiku. Aliyeufunga mnamjua, simtaji, maana akikohoa tu mtaa mzima unajua nani kakohoa.

Kufunga sikatai, jengo kanunua. Lakini mtu mzima na ndevu zake unaingiaje ukumbini picha ya mwisho inaendelea, zimebaki kama dakika kumi, unaamuru taa ziwashwe, halafu unakatiza MBELE YA SKRINI na futikamba? Kitambi kikamfunika yule dada uso mzima! Ndiyo kwanza anafumbua mdomo amjibu steringi kama anampenda au hampendi. Sisi tunaona kitambi. Kitambi ndicho kikapigwa busu.

Tangu Lumière na ndugu yake walipoonyesha picha kwa kiingilio pale Paris, 28 Desemba 1895, hakuna kiumbe aliyewahi kufanya ushenzi ule. Popo wa darini wenyewe walihama kwa aibu.

Mle ndani nimekulia mimi. Mnamkumbuka mzee wa chumba cha projekta? Enzi za mikanda ya milimita 35, mkanda mmoja dakika 20 hivi, kwa hiyo projekta mbili zinapokezana. Kialama cha duara kikitokea kona ya juu kulia, mzee anajua zamu imefika. Akisinzia, skrini nyeupe pee, ukumbi mzima miluzi. Na mkanda ukikwama mbele ya taa, unauona unavyobabuka: doa la kahawia linaanzia katikati, linatanuka, linakula pua ya mtu, linakula jicho. Tulimzomea sana yule mzee. Ila yeye HAKUKATIZA MBELE YA SKRINI. Na futikamba! Halafu lile jitu linamwambia kijana wake kwa sauti, "Andika kumi na nane." Kumi na nane nini?? Watu tunalia humu!

Mkorofi wa Zamu: Povu lote hili kwa picha ambayo ungeipakua kwenye simu?

Dada Tiketi: Nimecheka hapo kwenye busu. Pole mkuu. Sasa yule dada alimkubali au alimkataa?

Balkoni_Nyuma: SIJUI! Ndiyo maana ya uzi huu! Niliona mdomo unafunguka, ikaja futikamba!

Msema_Kweli_Mpweke: Tuambizane ukweli. Mara ya mwisho nilipoingia nilikuwa peke yangu, mwenye tochi akanisindikiza hadi kwenye kiti kama mgeni rasmi. Nyie waombolezaji wote mlikuwa wapi? Na mitambo ya sasa si ya kitoto. Picha inaletwa kwenye diski, imefungwa kidijitali, ufunguo una tarehe zake, zikipita haifunguki hata uisomee dua. Mikanda ilipoanza kuondolewa sokoni, ukumbi usio na uwezo wa kununua projekta mpya ukawa hauna cha kuonyesha. Huyo bwana kaja kuzika tu.

Mkorofi wa Zamu: Kazika na futi mkononi, ndivyo wachimba kaburi walivyo.

Babu Steringi: Sinema inakufa, sinema inakufa! Nayasikia hayo tangu kanda za VHS zitoke 1976. Ikaja kila nyumba na televisheni yake, mkasema imekufa. Mimi kilichoniuma pale ni viti. Chemchemi ya kiti changu ilinitoboa suruali mbele ya mchumba. Nani alinilipa?

Kofia Nje: Kitambi kinapita mara moja mnalia. Mimi kila nikienda nakaliwa mbele na jamaa wa kofia pana. Nikihamia kushoto, kofia kushoto.

Dada Tiketi: Afadhali kofia. Kuna wale walioshaiona picha. "Huyu anakufa sasa hivi." Mtu hajakaa vizuri ameshafiwa.

Sebuleni Kwangu: Hao nyote mnawaacha ukumbini mkiondoka. Wangu ni shemeji, anaishika rimoti kuanzia asubuhi. Nikitoka kunywa maji nikirudi tuko kwenye mpira.

Babu Steringi: Rimoti ficha betri.

Sebuleni Kwangu: Nilificha. Akatoa za saa ya ukutani. Sasa hivi nyumba nzima hatujui saa.

Balkoni_Nyuma: Jamani turudi kwenye mada! MBELE YA SKRINI!

Kofia Nje: Subiri kwanza mkuu. We wa shemeji, anaishi kwako tangu lini?

Sebuleni Kwangu: Alikuja kwa wiki moja. Mtoto alikuwa hajazaliwa. Sasa hivi yuko darasa la nne.

Mkorofi wa Zamu: Fungua uzi wake, tunakuja wote.