Mdogo wangu ana dengi: juisi ya majani ya mpapai inapandisha chembe sahani kweli?

BintiTandika: Wakuu habari zenu. Mdogo wangu kapimwa hapa Dar, malaria hana, ni dengi. Chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, zimeshuka hadi 82,000. Daktari kasema anywe sana maji, atumie panado tu, na kila siku arudi kupima damu. Majirani wanasisitiza nitwange majani ya mpapai, nimkamulie anywe asubuhi na jioni. Nawaza nimpe leo, kesho nilinganishe majibu. Zikipanda nijue imefanya kazi. Naomba ushauri, nina hofu sana.

MzeeWaMbagala: Pole binti yangu. Mwaka 2014 dengi ilipoenea hapa mjini niliinywa hiyo juisi, chungu kama shubiri, nikapona. Mpe tu.

MtuWaMaabara: Pole kwa kuuguza, dada. Shikamoo mzee, nashukuru Mungu ulipona, ila wengi wa wagonjwa wa dengi hupona hata wasipoonja mpapai. Chembe sahani hushuka siku za katikati za ugonjwa, kisha hupanda zenyewe. Kwa hiyo dada, zikipanda kesho hutajua zimepandishwa na majani au ni wakati wake umefika. Mtu mmoja hatoshi kwa jaribio la namna hiyo. Malaysia waliwagawa wagonjwa makundi mawili, kundi moja likapewa juisi hiyo juu ya matibabu ya kawaida, lingine matibabu ya kawaida peke yake. Matokeo yalichapishwa 2013: chembe za waliokunywa zilipanda zaidi. Lakini kupanda kwa chembe si sawa na kuua virusi, na dawa ya kuua virusi vya dengi bado haipo. Kinachoua hasa ni maji ya damu kuvuja nje ya mishipa mpaka presha inaanguka.

BintiTandika: Asante kaka. Kwani nikimpa itamdhuru? Leo homa imeshuka, nikajua anapona.

NesiWaZamu: Dada, homa ikishuka ndipo pa kuwa macho zaidi. Saa 24 hadi 48 zinazofuata ndizo hatari. Tumbo likimuuma sana, akitapika mfululizo, akitoka damu puani au kwenye fizi, akilegea au mkojo ukipungua, mkimbize hospitali hata iwe usiku wa manane. Juisi ile huwatapisha baadhi ya watu. Akitapika utajuaje ni uchungu wa majani au ni dengi inazidi? Na maji anayoyahitaji yatakuwa yametoka. Mimi ningekuwa wewe nisingempa. Mpe ORS, dafu, uji mwepesi, kidogo kidogo. Asipewe kabisa aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, zinaongeza hatari ya kutoka damu. Alale kwenye chandarua hata mchana, mbu wa dengi huuma mchana.

BintiTandika: Jana jirani alimpa diklofenaki kwa ajili ya mgongo!

NesiWaZamu: Acheni sasa hivi, na mwambieni daktari leo hii mnapokwenda kupima. Mkojo wa mwisho alikojoa saa ngapi?