Jicho la kulia, uso wa kushoto, sasa na sauti: nianzie wapi?

Tabibu Makete
Wakuu, naomba mawazo. Mama wa miaka 41, kilo 48. Kichwa kinamuuma wiki ya tano sasa, jioni homa, amekonda. Alianza kuona vitu viwili viwili: jicho la kulia haliendi nje. Kisha uso wa kushoto ukalegea, hadi paji. Sasa sauti imekwaruza na akinywa maji anapaliwa. Uso ulipolegea alipewa prednisoloni (dawa ya steroidi), akapata nafuu siku chache, halafu akarudi vibaya zaidi. VVU chanya, hajaanza ARV. Malaria hasi, picha ya kifua safi, mikono na miguu ina nguvu. CT (picha ya ndani ya kichwa) ni mpaka Mbeya. Huu ni ugonjwa mmoja au miwili? Nikichukua maji ya uti wa mgongo bila CT, namhatarisha?

Nyundo ya Goti
Mmoja, na uko kwenye utando wa ubongo. Hakuna sehemu moja inayoshika neva ya sita kulia (ya kusogeza jicho nje), ya saba kushoto (ya uso) na ya kumi (ya sauti na kumeza) kwa pamoja. Uvimbe nyuma ya jicho ungebaki upande mmoja, ukashika ya tatu, ya nne na ya sita, zote za kusogeza jicho, na paji likafa ganzi. Shina la ubongo lingelegeza na mkono au mguu. Ya sita isikudanganye, hulegea hata kwa presha ya kichwa tu. Hapa ya saba na ya kumi ndizo zinazosema.

Gonga magoti kwanza: rifleksi zikipotea, fikiria Guillain-Barré (kinga ya mwili kushambulia neva). Akitazama juu dakika moja kope zikashuka, fikiria myasthenia (ugonjwa wa misuli kuchoka haraka), ingawa homa haiendani nayo.

Cha kukuzuia kuchoma sindano ya uti wa mgongo ni degedege, upande mmoja wa mwili kulegea, au fahamu kushuka. Kama hana, choma leo. Tone la damu kwa CrAg, kipimo cha fangasi wa kriptokoka, litangulie, jibu ni dakika 10. Asipewe steroidi kabla ya jibu hilo, kwenye kriptokoka zinadhuru.

Huna kipima presha? Unganisha mpira safi wa dripu kwenye sindano, uinue wima, pima kwa futi kamba kuanzia usawa wa sindano hadi maji yanapoishia. Alale ubavu na anyooshe miguu kidogo kabla hujasoma, akijikunja sana presha inapanda kwa uongo. Zaidi ya sm 25 ni juu. Xpert Ultra, kipimo cha TB, ipate angalau mililita 6 za maji hayo, zizungushwe kwenye sentrifuji, kipimwe kilichotuama. Glukosi pima papo hapo pamoja na ya damu. Sampuli ikikaa njiani hadi Mbeya, seli zinakula sukari na jibu linapotosha.

Koo na Masikio
Naunga mkono, ila tafuta pia saratani ya nyuma ya pua: sikio moja kuziba, damu puani, tezi ngumu shingoni. Na limfoma (saratani ya tezi): ganzi ya kidevu bila jino bovu ni dalili mbaya. Ile nafuu ya prednisoloni haithibitishi kitu, limfoma nayo hunywea kwa muda. Ongeza mililita 10 za kutafuta seli za saratani, na RPR (kipimo cha kaswende).

Tabibu Makete
CrAg hasi, RPR hasi. Rifleksi zipo, kidevu na shingo sawa. Presha sm 27. Seli 180, karibu zote limfosaiti (aina ya chembe nyeupe). Protini gramu 2.1 kwa lita. Glukosi 1.4, ya damu 5.8. Ultra hasi! Seli za saratani bado tunasubiri.

Nyundo ya Goti
Ultra hasi haiondoi TB ya utando, bakteria huwa wachache mno kwenye maji yale. Glukosi yake haifiki hata robo ya ile ya damu. Usisubiri: RHZE (dawa nne za TB katika kidonge kimoja) vidonge 3 kwa siku, tumbo tupu, na piridoksini (vitamini B6). Miezi 2, kisha RH, mbili kati ya hizo nne, miezi 10. Deksamethasoni (steroidi) 0.4 mg kwa kilo, kama 19 mg kwa siku wiki ya kwanza, ishuke kila wiki; kwa mwenye VVU ushahidi wake ni hafifu zaidi, lakini mwongozo haujaiondoa. ARV zingoje wiki 4 hadi 8, kinga ikiamka ghafla ubongo huvimba. Kwa kuwa anapaliwa, dawa na uji vipite kwenye mpira wa pua. Jicho la kushoto halifungi, lipake mafuta ya macho na usiku libandikwe plasta, la sivyo kioo cha jicho kitapata kidonda. Akianza kusinzia au kutapika, maji yamejaa kichwani: Mbeya siku hiyohiyo.