Kuzaa mtoto ili amtibu mwenzake: ni haki?

Mama Shangani: Mtoto ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kila mwezi yuko wodini. Dodoma siku hizi wanapandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, lakini ndugu zake wote hawakulingana naye. Wazazi wabebe mimba nyingine kwa ajili hiyo? Mimi nakataa. Mtoto si dawa.

Nesi Masasi: Dada, pigeni hesabu kwanza. Baba AS, mama AS, yaani kila mmoja amebeba jeni moja ya selimundu bila kuugua; kila mimba ina robo ya kuleta SS, yaani mgonjwa. Uloto kulingana na ndugu wa tumbo moja, baba mmoja, nako ni robo, na moja haifuati nyingine. Anayelingana na asiye mgonjwa ni 3 katika 16. Mtu anazaa watano hampati, na wagonjwa wanaongezeka.

Mkorosho: Marekani wanachagua maabara kiinitete kinacholingana, kabla ya mimba, tangu 2000 hivi. Huku ni kubahatisha. Hata damu ya kitovu, inayoweza kutumika badala ya uloto, lazima ikingwe papo hapo kwenye mfuko wenye dawa ya kuzuia kuganda, kisha ihifadhiwe kwenye nitrojeni. Na ni kidogo, mara nyingi haifiki mililita 100. Baba aamue, yaishe.

Binti Newala: Baba aamue? Umakondeni? Mtoto ni wa ukoo wa mama, bila mjomba hakuna kikao!

Mkorosho: Mjomba hasaini fomu ya upasuaji.

Binti Newala: Hasaini, ila korosho zake ndizo nauli ya Dodoma. Usimdharau.

Mzee Mikindani: Wanangu, mnagombea mjomba, na mtoto anayechomwa sindano kutoa uloto hamumtaji. Analazwa usingizi, sindano inaingia mfupa wa nyonga kwa nyuma, inavuta kidogo kidogo, tundu baada ya tundu. Mgonjwa wa kilo 30 anahitaji si chini ya mililita 300 za uloto. Mtoto wa kilo 12 hatolewi zaidi ya 240, maana damu yake yote haifiki lita moja.

Nesi Masasi: Umenena, mzee. Ndiyo maana husubiriwa akue. Miaka hiyo mgonjwa asikose haidroksiurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu, miligramu 20 kwa kilo kila siku, na picha kamili ya damu ipimwe mara kwa mara, chembe nyeupe zisishuke mno.

Mama Shangani: Kwa hiyo anazaliwa, anangojwa anenepe, anatobolewa. Na mgonjwa asipopona, huyu mtoto mtamtazamaje?

Binti Newala: Atatazamwa kama mtoto wa ukoo. Na mjomba aanze yeye kupima AS, kabla wapwa hawajaoa.