The Jacket: ile ilikuwa tiba kweli?

Swali: Wakuu, nimemaliza filamu ya The Jacket ya 2005. Adrien Brody ni askari aliyepigwa risasi ya kichwa Vita vya Ghuba, akaishia hospitali ya wagonjwa wa akili. Wanamvisha koti la kumbana mikono, wanamsukumia kwenye droo ya mochwari. Ile ni tiba au mateso?

Jibu: Mateso matupu, mkuu. Tazama macho yake droo ikishafungwa!

Jibu: Mimi kinachoniuma ni hiki: hadithi inaanza 1991, na tangu 1980 madaktari wa Marekani walishautambua rasmi ugonjwa wa kiwewe (akili kuumia baada ya vita au jambo la kutisha), baada ya askari wao waliopigana Vietnam kupigania utambuliwe. Yule alihitaji kusikilizwa, jamani.

Mwuliza: Kumbe! Basi nairudia usiku huu.