Mrejesho: ile kazi ya duka la spea Gerezani

Wakuu, nilikuja kuuliza kama nikubali kazi ya kuuza spea Gerezani, Kariakoo, ilhali hata beringi sikuijua. Nilikubali, na huu ni mwezi wangu wa nne kazini.

Mlionisisitizia niangalie namba ya chesisi ya gari kabla ya kutoa spea, Mungu awabariki. Juzi fundi kaagiza shokapu za nyuma za Toyota IST, bosi hayupo. Nikaomba kadi ya gari: chesisi inaanza na NCP65, yaani ile ya 4WD, inayovuta kwa magurudumu yote manne! Nilikuwa nimeshashika boksi la NCP60, ambayo si 4WD. Tukalaza shokapu kuukuu juu ya kaunta kando ya mpya ya NCP65, tukalinganisha tundu la bolti. Ikakaa.

Miguu inauma jioni, na mafundi wanataka mkopo kila siku. Lakini kazi naipenda sana. Asanteni mno.