Nimeombwa kufungua mnada wa korosho kwa sala. Niombe bei?

MwalimuWaKigango (Ndanda)

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo.

Mimi ni katekista wa kigango kimoja huku upande wa Ndanda. Padre anatufikia kwa zamu, ana vigango vingi, kwa hiyo Jumapili nyingi ibada naongoza mimi, wagonjwa naenda mimi, maziko mimi. Nina mikorosho pia, maana ukatekista haujazi chungu, mnajua wenyewe.

Mnada huku kwetu unafunguliwa kwa dua. Anaanza sheikh, anafuata Mkristo. Safari hii mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika kasema Mkristo huyo niwe mimi. Akanivuta pembeni: "Mwalimu, usituombee amani ya nchi, hiyo sheikh ataiombea. Wewe omba bei." Alicheka, ila hakuwa anatania.

Sasa shida yangu. Msimu uliopita aliomba mzee wetu mmoja, mtu wa sala kweli. Aliomba kirefu, akaitaja bei waziwazi. Bei zikasomwa, zote za chini, watu wakaguna, wakakataa kuuza. Tangu hapo kijiweni wanamwambia, "Mzee, mara hii tuombee ishuke, labda itapanda." Utani tu wa kwetu huu, lakini mzee kaacha hata kuongoza rozari ya jumuiya. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko bei yenyewe.

Naomba kujua: ni halali kuombea bei? Na ikianguka, yule mama aliyekopa salfa ya kupulizia mikorosho na bado anadaiwa michango ya shule nimwambie nini?

Jambo la pili, dogo. Msimu ukianza nasali sana, ila zote ni sala za watu. Nasimamishwa na baiskeli njiani: mwalimu, niombee mtoto, niombee kesi ya shamba. Nikifika kwangu usiku nimebaki na ishara ya msalaba tu. Wenzangu mlio kwenye utume mnafanyaje?

Mtumishi_Nachingwea

Bwana asifiwe mwalimu. Taja bei, taja na shilingi zake! "Ombeni, nanyi mtapewa", Mathayo 7:7. Mnaogopa nini? Mungu aliyeumba korosho anajua na kilo yake inauzwaje.

BibiWaKitangari

Mwanangu mwalimu, milele na milele amina. Mimi ni Mwanglikana wa Newala, usinifukuze.

Bei omba, si dhambi. Baba Yetu yenyewe ina riziki ndani yake. Ila kabla ya bei omba mizani. Mithali 11:1 imesema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na sisi huku tunaijua mizani ya hadaa kwa sura. Halafu omba kuhusu kangomba, huko kununua korosho kwa magendo nje ya mnada. Kuna watu watakaoitikia "amina" kubwa kuliko wote hapo mnadani, na korosho walizoleta wamezichukua kwa jirani kwa bei ya kutupa mwezi wa njaa, mtoto wake anaumwa. Mwombee na kibarua aliyeokota, alipwe. Yakobo 5:4 inasema ujira wa wavunaji uliozuiwa unapiga kelele na Mungu anausikia. Sasa hizo kelele na sala yako zitafika pamoja, ipi itasikilizwa?

Hilo la pili: mama yangu alitufundisha kusali tukishuka bondeni kuteka maji, kabla mabomba hayajaja. Kushuka Zaburi, kupanda kimya, maana ndoo kichwani na pumzi hakuna. Mimi leo naokota korosho hivyohivyo. Mkorosho mmoja, mtu mmoja. Nikimaliza kuokota chini yake namwachia Mungu, nahamia mwingine. Kuna miti inazaa sana, basi mwenye mti huo kaombewa mpaka basi.

FundiMstaafu_Lukuledi

Mwalimu, nimefanya kazi miaka mingi karibu na wamonaki, nachangia kidogo.

Wamisionari Wabenedikti walitangulia kufika huku kwetu Lukuledi na Nyangao. Misioni zote mbili zikateketea vita vya Majimaji, 1905. Mwaka uliofuata wakaanza upya Ndanda. Nakutajia hili kwa sababu watu hudhani kengele ya abasia, monasteri yao, ni ya watu wenye nafasi. Walianzia kwenye majivu, na saa za sala hawakuziacha.

Kanuni yao ya utawa, ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 50, inamhusu mtu kama wewe: ndugu aliye mbali kikazi asikimbilie kanisani, asali palepale alipo saa ikifika. Sura ya 20 inasema sala iwe fupi na safi. Kwa hiyo ukiwa shambani kengele ya saa sita ikilia, simama na sala yako ya Malaika wa Bwana, ya kwako wewe, kisha endelea. Hata Bwana wetu watu walipomzonga alijitenga akaomba, Luka 5:16. Anayekusimamisha njiani atangoja dakika mbili.

(Sura ya 57 usiwasomee wakulima. Inasema vitu vya monasteri viuzwe bei nafuu kidogo kuliko vya watu wengine. Utapigwa.)

Kwa mnadani chukua Nehemia 2. Mfalme kamuuliza Nehemia anataka nini, Nehemia kaomba kimoyomoyo, kajibu. Sala yake haikuandikwa hata neno, ila alichokitaka alikitaja kwa mfalme bila kuficha, na barua za kupewa miti akaziomba. Yule mama wa salfa usijaribu kumfafanulia kwa nini Mungu kaacha bei ianguke. Nenda naye chama wakakokotoe makato yake mbele yako, kama wameandika vibaya utaona.

Na mzee wenu, nani kamwendea?

MwalimuWaKigango (Ndanda)

Asanteni sana. Bibi, sikufukuzi, karibu hata jumuiyani.

Fundi, swali lako limenipeleka kwa mzee jana jioni. Nimemkuta anabangua korosho za kula. Sikumhubiria. Nimemwambia mwenyekiti kaniteua, na mimi sitaki kusimama peke yangu pale, twende wote. Akauliza, "Wanicheke tena?" Nikamwambia watatucheka wawili. Kakubali, kwa sharti kwamba mimi ndiye niombe na yeye aanzishe Baba Yetu.

Nimeandika hivi: "Ee Mungu, mizani ya leo iwe ya haki. Aliyeokota alipwe. Aliyepokonywa arudishiwe. Tupe bei itakayotufikisha masika, na isipopatikana, usituache tukaanza kuoneana." Basi, kisha Baba Yetu.

Mtumishi_Nachingwea

Nzuri mwalimu, ila bei umeiweka nyuma sana!

MwalimuWaKigango (Ndanda)

Imo, mtumishi. Inapanga foleni nyuma ya mizani.